Baridi ya Nakuru, jasho la kitandani: matandiko gani yanamfaa anayelala na joto?

Ukipita Barabara ya Kenyatta mjini Nakuru mwezi wa Julai, mablanketi hukusalimu kabla ya wenye maduka. Yametundikwa milangoni, mazito, yana picha za simba na maua ya waridi, na kila muuzaji ana sifa ileile ya kumnong'oneza mteja: hili lina joto. Huwezi kumlaumu. Mji huu uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hushuka hadi nyuzi joto 10, mara nyingine chini ya hapo. Anayetafuta riziki kwa blanketi hatasifu wepesi wake.

Hata hivyo, katika mji huohuo wapo wanaoamka saa saba usiku shingo imelowa, fulana imegandamana na mgongo, na mguu mmoja umetolewa nje kutafuta hewa. Kuna wajawazito, kuna akina mama waliofika umri wa kukoma hedhi, kuna wenye miili mikubwa, na kuna wale ambao tangu utotoni damu yao ni ya moto. Wengi hunyamaza, maana atakayelalamikia joto Nakuru ataonekana anadeka.

Hawadeki, na hewa ya Nakuru haina kosa. Kosa ni kwamba matandiko yao yalinunuliwa kwa ajili ya saa kumi alfajiri, na wao wanajifunika nayo tangu saa nne usiku.

Usiku mmoja, hali mbili

Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80, kama balbu ya kizamani ya wati 75 iliyowashwa chini ya shuka usiku kucha. Wakilala wawili, balbu ni mbili.

Joto hilo halitoki kwa kiwango kimoja. Usingizi unapokaribia, mishipa ya damu ya mikono na miguu hutanuka, damu yenye joto huja karibu na ngozi, na joto la ndani ya mwili huanza kushuka. Litashuka kwa kama nyuzi moja, na kufikia kiwango chake cha chini kabisa kabla ya mapambazuko. Maana yake ni kwamba saa za mwanzo za usiku ndizo ambazo mwili una haja kubwa ya kutoa joto nje. Ukizibiwa njia wakati huo, hutumia silaha yake ya mwisho, nayo ni jasho.

Sasa tazama chumba chenyewe. Januari na Februari, mchana wa Nakuru hufika nyuzi 27 au 28. Jua hupiga mabati ya Kaptembwa na Rhonda, hupiga kuta za mawe na saruji za Section 58. Kuta hunyonya joto hilo na kulirudisha ndani jioni. Saa nne usiku nje kumeshapoa, lakini chumbani mchana haujaisha, hasa ikiwa madirisha yalifungwa tangu magharibi kwa kuogopa mbu, vumbi na wezi, na matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha yamezibwa kwa magazeti tangu baridi ya mwaka juzi.

Kufikia saa kumi alfajiri mambo yamegeuka. Anga haina wingu, joto la ardhi limepaa, bati limepoa, na mwili wenyewe uko chini kabisa. Hapo ndipo mtu huamka akitetemeka na kuapa kwamba mwisho wa mwezi atanunua blanketi zito zaidi. Akilinunua, atakuwa ametibu saa kumi na kuizidishia maradhi saa nne.

Dawa ni tabaka. Duveti moja nene ina hali mbili tu: umejifunika au umeitupa. Shuka la pamba na mablanketi mawili mepesi yana hali tatu au nne. Anza usiku kwa shuka na blanketi moja. La pili likunjwe miguuni, mahali ambapo mkono utalifikia bila kuwasha taa. Alfajiri ikibisha hodi, livute.

Kwa wanandoa, mmoja akiwa wa joto na mwingine wa baridi, tabaka peke yake halimalizi ugomvi. Katika nyumba nyingi za Ujerumani na nchi za Skandinavia, kitanda kimoja cha mume na mke huwa na duveti mbili ndogo, kila mtu na yake. Hapa kwetu jirani akisikia mnalala kila mmoja na blanketi lake atadhani kuna kesi inayosubiri wazee. Mwacheni adhani. Godoro ni moja, mapenzi ni yaleyale, na hakuna anayenyang'anywa usingizi.

Uzi una tabia yake

Bonde la Ufa la kati liliwahi kuwekewa matumaini makubwa ya sufu. Mlowezi Lord Delamere alipopata eka 100,000 Njoro mwaka 1903, kondoo walikuwa miongoni mwa mifugo aliyoitegemea kwanza, wakiwemo Merino aliowaagiza kutoka ng'ambo. Walikufa kwa wingi, kwa magonjwa na kwa sababu malisho ya pale yalipungukiwa madini. Mifugo ilikuja kustawi zaidi baadaye, alipoweka makao Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita. Molo bado husifika kwa kondoo hadi leo. Eldoret nayo ikatoa blanketi la Raymond, lililojulikana Kenya nzima. Na katika jamii nyingi za huku, blanketi halijaacha kuwa zawadi ya heshima kwa wazee siku ya mahari.

Kilichobadilika ni uzi. Sehemu kubwa ya mablanketi na duveti zinazopangwa madukani leo ni poliesta au akriliki, nyuzi zinazotokana na mafuta ya petroli. Hata mashuka mengi ya Kimasai yenye mistari myekundu ni akriliki. Nyuzi hizi ni rahisi, hukauka haraka, hazichujuki upesi, na zina joto kweli. Kasoro yake ni moja, na kwa mtu wa jasho ni kasoro kubwa: hazinywi maji.

Kilo moja ya pamba kavu ikikaa katika hewa ya kawaida huvuta takribani gramu 80 za unyevu. Kilo moja ya sufu huvuta karibu gramu 150. Kilo moja ya poliesta huvuta gramu 4 hivi. Usiku, mvuke wa jasho ukikutana na pamba au sufu huingia ndani ya uzi na kutokea upande wa pili. Ukikutana na poliesta iliyoshonwa nene, hubaki palepale kati ya ngozi na kitambaa. Na jasho lisilokauka halipozi. Kukausha lita moja ya jasho huchukua joto mara saba hivi ya lile la kuchemsha lita moja ya maji ya bomba. Joto hilo lote hutoka mwilini mwako, mradi tu mvuke upate pa kwenda.

Hii ndiyo sababu blanketi jembamba la sufu halisi, ambalo wengi hulikwepa wakidhani ni la wazee wa Mau Narok, linaweza kumfaa mtu wa jasho kuliko duveti laini iliyojazwa poliesta. Hutunza joto baridi inapoingia na huacha unyevu upite. Likikuwasha, weka shuka la pamba kati yake na ngozi.

Kwa mashuka, pamba tupu ndiyo ya kwanza. Tena tazama lilivyofumwa. Kuna mfumo ambao uzi mmoja hupita juu na unaofuata chini, moja kwa moja. Kitambaa chake ni chepesi, hakitelezi, na kikifuliwa hukwaruza kidogo mwanzoni. Huo hupitisha hewa. Kuna mwingine ambao uzi huruka juu ya nyuzi tatu au nne. Kitambaa hung'aa na kuteleza kama hariri, kinapendeza machoni, lakini ni kizito zaidi na hufunga joto. Mtu wa baridi achukue cha pili. Wewe chukua cha kwanza.

Kitani ni bora hata kuliko pamba kwa joto, ila bei yake huumiza na dukani ni adimu. Ajabu ni kwamba nyanda hizi za juu ziliwahi kukilima. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walowezi waliokuwa wanajeshi walipanda kitani kwa pupa, hadi Kericho, wakivutiwa na bei ya juu. Bei ilipoporomoka mwaka 1920 na 1921, mashamba yakafilisika na kilimo hicho kikafifia.

Pamba nayo si ngeni. Hulimwa maeneo ya joto ya Baringo na Bonde la Kerio, na kiwanda cha Rivatex kilichoko Eldoret, ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007 na ambacho kilizinduliwa upya mwaka 2019, hufuma vitambaa vya pamba. Anayetaka shuka halazimiki kununua lililokwisha kushonwa. Nunua kitambaa cha pamba kwa mita, mpelekee fundi akupindie kingo.

Usiidharau leso pia. Watu wa Pwani hulala na leso ya pamba usiku wa joto bila kuhitaji mafunzo ya mtu. Nakuru, ambako karibu kila nyumba inayo, leso inaweza kuwa tabaka la kwanza la usiku wa Februari. Tahadhari ni kwamba leso nyingi za siku hizi ni poliesta.

Majina matamu ya sokoni

Mteja wa joto ni mteja mwenye shida, na mwenye shida huuziwa maneno. Neno la kwanza ni mianzi. Shuka huitwa la mianzi, likasifiwa kuwa baridi, safi na la asili. Ukweli ni kwamba mianzi huyeyushwa kwa kemikali hadi kuwa uji, kisha uji huo hugeuzwa uzi uitwao viskosi au rayoni. Mwezi Aprili 2022, tume ya Marekani inayolinda wateja ilitangaza kuwa kampuni za Walmart na Kohl's zitalipa jumla ya dola milioni 5.5 kwa madai kwamba ziliuza rayoni kwa jina la mianzi. Viskosi yenyewe si mbaya: ni laini na hunywa unyevu kuliko hata pamba. Ila usiilipie bei ya miujiza, na ujue kwamba ikilowa hupoteza nguvu, hivyo haipendi kusuguliwa kwa mikono.

Neno la pili ni idadi ya nyuzi. Pakiti huandikwa 800, 1,000, hata 1,500. Katika inchi moja ya mraba hapana nafasi ya nyuzi nyingi kiasi hicho. Hesabu hupanda kwa sababu uzi mmoja uliosokotwa kwa nyuzi ndogo mbili au nne huhesabiwa kila kijiuzi peke yake. Kwa anayelala na joto, shuka la pamba lenye nyuzi 200 hadi 400 linatosha. Kubwa kuliko hapo ni uzito, na uzito ni joto.

Neno la tatu ni mikrofaiba. Hii ni poliesta iliyofanywa nyembamba sana. Ni laini mno mkononi, na ndiyo inayojaa kwenye seti za bei nafuu za shuka na foronya mbili. Ulaini wake hauondoi upoliesta wake.

La nne ni jeli ya kupoza, iliyo kwenye mito na magodoro ya bei ya juu. Ukiigusa ni baridi kweli, kwa kuwa huchukua joto la kiganja haraka. Lakini jeli haina mahali pa kulipeleka joto hilo. Baada ya muda usio mrefu huwa imeshiba na kuwa na joto sawa na lako, na usiku bado mbichi.

Njia ya kumkwepa muuzaji ni kupima mwenyewe. Weka kitambaa mdomoni upulize: pumzi ikipita kwa urahisi, hewa nayo itapita. Dondosha tone la maji: pamba iliyokwisha kufuliwa hulinywa, poliesta mara nyingi huliacha likikaa juu. Ukiwa nyumbani, chomoa uzi mmoja pembeni, uushike kwa koleo, na uuwashe nje mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, hujikunja, kisha hukauka kuwa punje ngumu. Uzi ukiungua huku ukiacha punje, umeuziwa mchanganyiko.

Na hapa mitumba inastahili sifa yake. Katika marobota ya mashuka kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini, pamba tupu hupatikana mara nyingi, na kwa kuwa imefuliwa miaka mingi imekwisha kulainika. Tafuta lebo pembeni, lishike juani uone halijachakaa katikati, lichemshe ukifika nyumbani. Shuka la pamba la mtumba linamfaa mtu wa jasho kuliko mikrofaiba mpya inayong'aa kwenye pakiti.

Ulichokilalia

Watu hubadilisha blanketi mara tatu bila kukumbuka kwamba nusu ya mwili imelala juu ya godoro. Sponji hushika joto, na kadiri inavyokuacha uzame ndivyo inavyokukumbatia pande zote na kuziba hewa. Sponji ngumu, inayokuweka juu yake badala ya ndani yake, hupunguza joto. Godoro la springi lina nafasi tupu ndani, na hewa huzunguka. Ukipata godoro la pamba au la usufi, kama yale ya Pwani, una bahati. Dai lake ni kuanikwa na kugeuzwa mara kwa mara.

Kabla ya kununua godoro jipya, chungulia kama la sasa halijavaa nailoni lililokuja nalo kutoka dukani. Nyumba nyingi huliacha miaka, ili godoro lisichafuke au kwa sababu ya mtoto anayekojoa. Nailoni hilo hurudisha kila tone la jasho lako mgongoni. Livue. Kwa mtoto, tandika kipande cha mpira chini ya kiuno tu, na juu yake kitambaa kinene cha pamba.

Angalia pia chini ya godoro. Kitanda cha chaga zilizoachana huruhusu hewa kupita. Ubao mzima au sakafu haviruhusu. Na jua la Nakuru la Januari ni kavu na halitozwi kodi: godoro likianikwa asubuhi hadi adhuhuri, unyevu wa miezi hutoka.

Marigat si Molo

Ushauri huu haulingani kila mahali, kwa sababu eneo hili limepandana kama ngazi. Molo iko karibu mita 2,500. Ukitoka Nakuru kuelekea kaskazini, ukapita Mogotio, mahali ikweta inapokatiza, kilomita 100 hivi hukushusha hadi Marigat, kwenye mita 1,000 na kidogo. Kwa kawaida hewa hupata joto la nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Kati ya Molo na Marigat, basi, kuna tofauti ya kama nyuzi 9.

Anayelala na joto Molo, Njoro au Mau Summit hana haja ya kuogopa mablanketi mawili; aangalie tu yawe ya uzi unaopitisha unyevu. Wa Nakuru, Gilgil na Naivasha awe na shuka, blanketi jepesi, na akiba miguuni. Wa Marigat na kando ya Ziwa Baringo anahitaji shuka moja, pengine leso, na dirisha lenye wavu.

Huko bondeni malaria ipo, kwa hiyo chandarua hakiachwi hata kama kinapunguza upepo. Chagua cha pembe nne kinachoning'inia mbali na mwili badala ya cha duara kinachokubana kichwani. Nakuru mjini, wavu wa dirishani utakuwezesha kuacha dirisha wazi kiasi usiku. Na matundu ya juu ya dirisha yazibuliwe. Hayo hayakuwekwa kwa bahati mbaya, na kwa nyumba inayoota moto wa jiko la makaa jioni, kuyaziba ni hatari ya mauti: moshi usioonekana wa makaa huua watu wakiwa usingizini. Jiko lisilale chumbani na watu.

Jasho lisilo la blanketi

Kuna jasho ambalo hakuna shuka litakaloliponya. Shirika la Afya Duniani hutaja dalili nne za kuulizia kifua kikuu: kikohozi, homa, kupungua uzani, na kutokwa na jasho usiku. Ukiloa hadi kubadilisha nguo, usiku baada ya usiku, huku dirisha liko wazi na umejifunika shuka tu, nenda hospitali. Matibabu ya kifua kikuu katika hospitali za umma nchini Kenya hayalipiwi, na kwa kawaida dawa huchukua miezi 6.

Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, sukari inayoshuka usiku kwa wagonjwa wa kisukari, malaria kwa aliyetoka safari ya Baringo au Pwani, na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo pia huleta jasho. Pombe na mlo mzito wa usiku nazo zimo. Kwa mwanamke wa kati ya miaka 45 na 55, joto linalopanda ghafla kifuani na usoni mara nyingi ni la kukoma hedhi. Tabaka jepesi na nguo ya kulalia ya pamba humsaidia, na daktari ana mengine ya kumpa. Mtoto mchanga naye asifungwe mablanketi matatu na kofia ya sufu eti kwa kuwa ni Julai. Mguse kifua au shingo. Ukikuta jasho, punguza.

Uanze na lipi?

Anza na yasiyo na gharama: zibua matundu, vua nailoni la godoro, anika godoro, acha kulala na suti ya michezo na soksi mbili. Kisha nunua shuka la pamba, kwa sababu ndilo linalogusa ngozi. Inayofuata iwe foronya, maana kichwa kisichofunikwa hutoa joto usiku kucha. Baada ya hapo badili duveti nene kwa mablanketi mawili mepesi. Godoro liwe la mwisho, kwa kuwa ndilo ghali.

Utakaposimama tena mbele ya mablanketi ya Barabara ya Kenyatta, muuzaji akakuambia hili lina joto, muulize maswali mawili: ni la uzi gani, na unayo mepesi mawili kwa bei ya hilo moja? Hewa ya usiku ya Nakuru inapoza bila malipo. Usitumie pesa zako kuifungia nje.